Viatu vya Kushukia

Mwaka 1996 binti yangu Yunis alinipa mpaka Saba Saba. Alikuwa Kariakoo, anauza viatu kwenye duka la bwana mmoja anaitwa Abdulkarim, na Abdulkarim alikuwa anafungua duka la pili Tanga. Alimtaka Yunis akalisimamie. Yunis akaniandikia: "Mama, nikienda Tanga nimekwenda. Kama una kazi ya watu wawili huko Ifakara, niambie kabla ya Saba Saba nije tufanye pamoja. Kama huna, usinidanganye."

Nilimjibu kwamba kazi itakuwepo. Hiyo ilikuwa Januari. Nilikuwa na miezi sita, cherehani ya kushonea ngozi, diploma ya chuo cha ngozi Mwanza, na nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Lipangalala ambamo nilikuwa nalala mtu mmoja. Baba yake Yunis alipanda treni ya Zambia mwaka themanini na nne kwenda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilipotupunguza kazi, nilirudi kwetu nikakuta wazazi wamekufa na ndugu wametawanyika. Sikulia sana. Nilipaka ukuta chokaa, nikaweka meza ya kazi dirishani.

Nilijua nitatengeneza nini. Ifakara ni mji wa baiskeli. Karani anaendesha, muuguzi anaendesha, mwalimu anaendesha na mtoto mgongoni. Nilisimama wiki nzima kwenye njia ya kwenda hospitali, saa moja asubuhi, nikitazama miguu. Wanawake wa ofisini wote walikuwa wamevaa kandambili, na viatu vyao vizuri vimo kwenye mfuko wa rambo uliofungwa kwenye usukani. Wakifika mlangoni wanainama, wanajifuta vumbi, wanabadilisha. Mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo, kiatu cha mchuchumio mkononi, akaangukia kwenye maua ya matroni.

Hawakuwa wajinga. Pedeli inakula soli nyembamba kwa mwezi mmoja. Cheni inapaka grisi kila inachogusa. Kisigino kirefu kinakwama. Lakini huwezi kuingia wodini au darasani na kandambili. Walihitaji kiatu kimoja cha kuendeshea na cha kuingilia kazini, kinachopendeza, na kinachodumu. Hakuna aliyekuwa anakitengeneza. Huko Dar es Salaam walikuwa wanaleta viatu vya watu wanaopanda magari.

Nilikaa na karatasi na penseli mpaka mwisho wa mwezi. Soli nilikata kwenye tairi la gari dogo lililokwisha meno, nyembamba, ili mtu asiseme ni katambuga. Ndani ya soli nikalaza utepe wa chuma, ule unaofunga marobota ya mitumba, kutoka kisiginoni mpaka chini ya vidole. Pedeli za baiskeli za Phoenix zikishachakaa mipira inaisha, vinabaki vyuma, na ukikanyaga nusu saa unavisikia mpaka kwenye goti. Kwa utepe wangu mguu haujui kama kuna chuma huko chini. Chini ya soli nikachonga mfereji uliopita kwa upana, pedeli ikae humo isiteleze. Kifungo nikakiweka upande wa nje, kwa sababu upande wa ndani ndiko cheni iliko, na chochote kinachoning'inia huko kitaliwa. Mbele nikakichongoa kidogo. Ukanda mmoja mwembamba juu ya mguu. Kisigino kifupi. Kilikuwa kiatu kizuri, nasema mwenyewe.

Ngozi nilinunua kwa Mabula, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake upande wa Idete. Alikuwa ananiletea kwenye keria, zimekunjwa kama mikeka.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma. "Leo nimekuletea dume. Huyu alikuwa hasikii fimbo."

"Ndiyo maana ngozi yake ina makovu matupu. Niletee ya ng'ombe anayesikia."

"Kwetu ng'ombe asiye na kovu hajaishi."

"Kamwambie hivyo muuguzi anayetaka kiatu."

Alicheka. Kisha akasema, "Juzi nilikuita kule sokoni. Ukanipita kama gari la wagonjwa."

"Nilikuwa napima viatu."

Na kweli nilikuwa napima. Kila asubuhi nilivivaa nikaendesha kutoka Lipangalala mpaka Kivukoni, pale pantoni inapovushia, na kurudi, bila kuweka mguu chini. Nilifanya hivyo Februari yote. Soli haikulika, ngozi haikupasuka, mguu haukuuma. Nikaandika matokeo kwenye daftari kama tulivyofundishwa chuoni.

Mwanzoni mwa Machi nilishona jozi nne, nikawapa wanawake wanne wa pale hospitali: Dativa, muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye ni jirani yangu nyumba ya tatu, Marsiana wa maabara, na wawili wa masijala. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wataonekana navyo, wenzao watauliza, matroni ataagiza vya wauguzi wote. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya watu wawili.

Wote wanne walishukuru. Dativa alivivaa palepale, akazunguka uani kwangu na baiskeli, akasema hajapata kuona.

Kisha kimya. Masika ikaja, Aprili ikapita, Mei ikapita. Hakuna aliyekuja kuuliza. Yunis aliandika, "Vipi?" nikajibu, "Subiri." Akaandika tena, nikajibu vilevile. Jioni nilikuwa nakula nimesimama dirishani, sufuria mkononi, kwa sababu kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja ni kupoteza muda. Redio ilikuwa inaongea. Siku nyingine nilikuwa nafika saa tatu usiku nagundua sijasikia sauti yangu tangu asubuhi, basi naijibu redio.

Jumatatu ya mwisho ya Juni nilimwona Dativa anatoka kwake na baiskeli. Alikuwa amevaa kandambili. Mfuko wa rambo ulikuwa kwenye usukani.

Sikumwita. Nilichukua baiskeli yangu nikamfuata kwa mbali.

Hakuwa amefika nyumba ya tano akashuka. Mzee Telesphory alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya ua. Dativa aliegemeza baiskeli, akapiga goti, wakasalimiana kirefu. Akapanda. Penye nyumba ya msiba, ambapo watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, alishuka tena na kuikokota baiskeli toka mwanzo wa mikeka mpaka mwisho, kichwa chini. Akapanda. Mbele akakutana na mama mmoja mtu mzima ana kikapu cha mpunga kichwani. Akashuka, akapokea kikapu, akakifunga kwenye keria, wakatembea pamoja mpaka njia panda, wakipita kwenye tope ambalo masika ilikuwa imeliacha bondeni. Kufika hospitali alikuwa ameshuka mara tisa. Nusu ya njia alikwenda kwa miguu.

Mimi njia ileile huimaliza kwa dakika kumi na mbili.

Nilimkuta getini anafungua mfuko.

"Dativa. Viatu viko wapi?"

Alishtuka. "Shikamoo, mama Yunis. Vipo. Hivi hapa, ndani ya mfuko."

"Nilivitengeneza ili visiingie kwenye mfuko."

"Ni vizuri, mama. Vizuri sana."

"Sikuuliza kama ni vizuri."

Alitazama kulia na kushoto, akakuta hana pa kukimbilia. "Mama, ukiwa juu ya baiskeli ni raha tupu. Sasa ushuke. Kiatu hakikunjiki. Unatembea kama bata. Kisigino kinatoka, kinarudi, kinatoka, kinanisaga nyuma huku mpaka nyama. Na ule mfereji ukijaa tope, kiatu kinakuwa sabuni. Nilipiga goti kumsalimia mama mkwe nikaenda chini mzimamzima."

"Ukaanguka?"

"Magoti yote mawili na kiganja. Akasema, 'Leo mkwe wangu umenisalimia kweli.' Mpaka leo anawahadithia watu."

"Na wenzako?"

"Hivyohivyo. Marsiana amempa mdogo wake, anavivaa kanisani. Kule mtu anakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Miezi mitatu, Dativa. Miezi mitatu na hukuniambia."

Hapo akanitazama usoni. "Ningekuambia wapi, mama? Nimekupungia mkono mara ngapi barabarani? Shikamoo yako unaianza kwa mzee huyu, unaimaliza umefika kwa mwingine. Hushuki. Watu wanakuita Mama Hashuki, kama hujui."

Nilikuwa sijui.

"Mlango wangu uko wazi kila siku," nilisema.

"Uko wazi, ndiyo. Mtu akiingia unamtazama miguu." Akavaa viatu vyake vya mchuchumio, vilivyokuwa mfukoni pamoja na vyangu. "Nisamehe, mama. Nimechelewa kupokea zamu."

Nilirudi nyumbani nikaketi mezani na jozi yangu ya majaribio. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika pedeli, cheni, jasho, mvua, kilomita. Hakuna mahali nilipoandika kushuka. Huo haukuwa usahaulifu. Tangu nirudi Ifakara sikuwa na mtu wa kumshukia, na nilipoona wengine wanashuka nilidhani wanapoteza muda. Nilitengeneza kiatu cha mji nisiouishi.

Ilibaki wiki moja na siku tano.

Nilifumua soli. Chuma nikakikata kikaishia katikati ya mguu, pale upinde unapokwisha, ili vidole vikunjike. Mfereji nikauziba kwa kipande cha tairi, badala yake nikachonga mistari midogo ya mshazari ambayo tope linaweza kutoka. Nyuma nikaongeza kitambaa laini na kupandisha ukingo kidogo ushike kisigino. Umbo la juu sikuligusa. Hilo halikuwa na kosa.

Sasa ilibidi nikijaribu, na kukijaribu ni kushuka.

Nilianza kwa mzee Telesphory kwa sababu ndiye wa kwanza njiani. Nilishuka, nikaegemeza baiskeli, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Balbina. Wa marehemu Anselim."

"Balbina! Umerudi lini?"

"Miaka minne sasa."

"Miaka minne! Unakaa wapi?"

"Hapo juu, nyumba ya wazee."

Alihesabu kitu kwa vidole. "Basi yule anayepita hapa kama nyumba yake inaungua ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Baba yako nilimzika mimi. Hukuwepo."

"Sikuwepo."

Nami nilikuwa bado nimeinama, nikitazama ngozi inavyojikunja penye vidole, kama inatengeneza mkunjo mmoja au miwili. Ilikuwa inatengeneza miwili. Hiyo ni mbaya, itapasuka.

"Inuka, mwanangu," mzee akasema. "Heshima imetosha."

Siku zile nilishuka kwa kila mtu mwenye mvi. Penye msiba nilikokota baiskeli kama Dativa, na watu wa kwenye mikeka wakasogea kunipa nafasi, wakidhani nakuja kukaa. Sikujua marehemu ni nani. Nilikaa. Mwanamke mmoja alinipa kikombe cha chai, akaniuliza habari za Yunis kwa jina, nami sikumkumbuka yeye hata kwa sura. Mara kadhaa nilitaka kuondoka nikaone soli. Nilikaa mpaka chai ikaisha.

Tarehe nne Julai jozi ya pili ilikuwa na mkunjo mmoja safi. Nilimpelekea Dativa kwake. Alivaa, akatoka nje, akapanda, akashuka, akapiga goti mbele ya mbuzi wao.

"Shikamoo, bibi," alimwambia mbuzi. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Sasa hiki ni kiatu," Dativa akasema.

Kesho yake nilikwenda posta kupiga simu Kariakoo. Niliandikisha namba ya dukani, nikasubiri kwenye benchi saa nzima na nusu mpaka opereta akaniita kwenye kibanda.

"Mama?" Sauti ya Yunis ilikuwa mbali, kama yuko ndani ya mtungi. "Shikamoo. Kazi ipo?"

"Kiatu kimepatikana. Cha kwanza kilikuwa na kosa, nimelirekebisha."

"Sikuuliza kiatu, mama. Kazi ipo?"

"Ipo jozi moja. Ya Dativa. Akionekana nayo wengine watakuja."

"Lini?"

"Sijui."

"Maana huyu bwana yuko hapa pembeni yangu. Anataka jibu leo, gari la mzigo la Tanga linaondoka keshokutwa. Nimwambie nini?"

Opereta aliingia. "Mama, imebaki dakika moja."

"Mwambie utakwenda," nilisema.

"Unasema kweli?"

"Ulisema nisikudanganye."

Nilisikia watu wa dukani nyuma yake, mtu anauliza kama kuna saizi kubwa zaidi. Nilikuwa na karibu dakika nzima. Ningeweza kusema njoo tu. Njoo, kazi itatukuta humo humo, vyumba vipo, nitatandika meza. Neno hilo lilikuwa limefika mdomoni. Lakini mimi simwiti mtu kwenye kitu ambacho hakipo, sijawahi, na kwa muda ule sikuona kwamba chochote kipo zaidi ya kazi. Nikamuuliza kama ana koti.

"Tanga kuna joto, mama."

"Basi nunua mwavuli."

"Nitanunua," alisema, na simu ikakatika.

Tarehe kumi na tisa Agosti matroni alinituma mtu. Alikuwa amemwona Dativa akiingia wodini moja kwa moja kutoka kwenye baiskeli bila kuinama mlangoni. Alitaka jozi ishirini na mbili, nyeusi, kabla ya Krismasi. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi akaja kuuliza kama natengeneza za kahawia. Kazi ya watu wawili ilikuwa imefika, na hata ya watatu, imechelewa wiki sita. Nilikaa na ile karatasi ya matroni, nikazihesabu siku kurudi nyuma mpaka Machi. Kama Dativa angepata pa kunisimamisha wiki ya kwanza, jozi ishirini na mbili zingekuwa za Mei.

Mabula alileta ngozi tano kwa mpigo.

"Mayu, hapa unahitaji mtu."

"Nahitaji."

"Si ulisema binti anakuja?"

"Yuko Tanga. Ana duka."

Aliziweka ngozi chini polepole. "Tanga mbali," akasema. "Kwetu tukihama tunahama na ng'ombe na watoto, wote."

"Nyinyi mna ng'ombe," nikamwambia, tukazikunjua ngozi kutafuta makovu.

Siku hizi nashuka. Imekuwa mazoea, na mzee Telesphory akiniona anaanza kusogeza kiti kabla sijafunga breki. Mama wa chai ya msibani anaitwa Sikitu, tulisoma darasa moja, anapita kwangu Jumapili baada ya misa. Yote hayo ni mema. Lakini mtu asinidanganye kwamba kusalimiana barabarani kunajaza nyumba. Naingia, nafunga mlango, vyumba ni vitatu. Nashona mpaka mkono unakataa. Redio inaongea.

Septemba barua ilitoka Tanga. Ndani yake kulikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Yunis alikuwa amesimama juu yake na kuchora mguu wake kwa kalamu ya wino, wa kulia na wa kushoto. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Duka linakwenda. Amepanga chumba. Huku Tanga nako watu wanaendesha baiskeli kama kwetu, naye amenunua moja ya mitumba ya kwendea kazini. "Nimesikia umeagizwa vingi. Niweke kwenye foleni kama mteja mwingine. Nyekundu, ukipata."

Nilitandaza karatasi mezani. Mara ya mwisho nilipompimia kiatu mwanangu alikuwa namba thelathini na tano. Huu ulikuwa thelathini na nane, na kidole cha pili kilikuwa kimempita gumba, kama cha baba yake. Nilikuwa sijui. Niliupima kwa futi, kisha nikaupima tena, ingawa mara ya kwanza nilikuwa sijakosea.

Sikumweka kwenye foleni. Ngozi nyekundu niliitafuta wiki mbili. Nilikata sehemu za juu, nikazishona. Soli nikaichonga. Nilipofika kwenye chuma nikasimama, kwa sababu njia ya Tanga siijui. Nikamwandikia:

"Yunis mwanangu, viatu vimefika nusu. Kabla sijakata chuma niambie. Kutoka chumbani kwako mpaka dukani unashuka mara ngapi? Na unamshukia nani? Nijibu upesi."

Niliipeleka posta mwenyewe. Leo ni Jumatano ya tatu nasubiri jibu. Viatu viko mezani dirishani, vimewambwa kwenye kalibu za mti, vinapendeza. Chuma nimekilaza pembeni yake, kizima, sijakikata.